IST inagonga ikipanda Kitonga: ni mafuta au injini?

Mtu wa Kilolo: Wakuu, habari za leo. Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ, otomatiki. Kwenye tambarare haina shida, ila nikianza mlima Kitonga nikakanyaga mafuta inatoa mlio wa kokoto kwenye kopo. Nikiachia, mlio unakata. Fundi mmoja anataka kufungua hedi (sehemu ya juu ya injini), anasema ni valvu. Mwingine anasema mafuta yamechakachuliwa. Nianzie wapi?

Fundi Ipogoro: Mkuu, hedi iache kwanza. Mlio wa valvu ungeusikia hata gari likiwa limesimama linaunguruma. Wako unakuja na mzigo tu, hiyo ni injini kugonga. Cheche ikitoka, moto unasambaa kutoka kwenye plagi. Mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto. Ukizidiwa unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. 1NZ inabana 10.5 kwa 1, kwa hiyo mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, oktani (uwezo wa petroli kuvumilia mbano bila kulipuka yenyewe) inashuka na inagonga. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010. Badilisha kituo, kisha pima kompyuta. Kwenye bloku kuna sensa inayosikiliza kugonga ili cheche icheleweshwe; kompyuta ikikupa P0325, yaani kodi ya hitilafu ya sensa hiyo, anza na waya wake. Mlimani zima O/D (gia ya juu ya mwendo mwepesi), acha mzunguko wa injini upande.

Dereva wa Makambako: Fundi, na ule moto kuwaka mapema si ndiyo huohuo?

Fundi Ipogoro: Hapana kaka, na huo ndio naouogopa zaidi. Hapo mchanganyiko unawaka kabla ya cheche, kwa sababu kuna kitu ndani kimeiva chekundu: kaboni, au plagi ya namba ya joto isiyo yake. Kwa NGK, 5 inatunza joto kuliko 6, usifunge tu iliyopo dukani. Pistoni bado inapanda, moto unaisukuma chini. Kugonga huwa kunakula kingo za pistoni. Huku kuwaka mapema kunaitoboa katikati. Ninayo moja gereji, kidole kinapita. Na inaweza kutokea bila mlio wowote wa kukuonya! Halafu naomba sana, msikubali kutolewa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Injini ikikaa baridi inamwagiwa mafuta mengi, kaboni inajaa, mbano unaongezeka.

Mtu wa Kilolo: Nimebadilisha kituo, mlio umepungua ila upo. P0325 haipo. Plagi tatu ni kahawia, ya silinda ya nne nyeupe kabisa.

Fundi Ipogoro: Safi sana kuziangalia. Kama zote ni namba moja, silinda ya nne inakosa mafuta au inavuta hewa ya pembeni. Pima nozeli yake kwenye mashine, kagua gasketi ya manifodi (bomba la kuingiza hewa) upande huo. Ukiona vitone vya kung'aa kwenye kauri ya plagi hiyo, ni aluminiamu ya pistoni: usiiwashe tena, na kwa kuwa ni otomatiki usiivute kwa kamba, ipakie kwenye gari la kubebea.