Naomba ushauri: mkopo wa milioni 30 kununua boma Luchelele, nipangishe wanafunzi

Spea Igoma (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja. Nimepata boma, yaani nyumba ambayo haijaisha, huku Luchelele, Mwanza, vyumba sita, kila kimoja na choo chake ndani, ukuta umefika usawa wa lenta (boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha). Muuzaji anataka milioni 24. Kimebaki kupaua, plasta, milango na umeme. Pale na chuo kikuu cha SAUT ni pua na mdomo, upepo wa ziwa saa zote, ukisimama uani unaona maji. Nina duka la spea za pikipiki na mkopo wa milioni 30 uko mbioni kutoka. Chumba nitakitoa kwa 90,000 kwa mwezi. Swali langu ni moja tu: nichukue miaka mitatu au mitano? Matusi hapana.

Dagaa Mkavu
Natandika mkeka hapa, wazee wa hesabu waje.

Hesabu Kali
Tuchukulie riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayopigwa kwenye salio linalopungua. Milioni 30 kwa miaka mitano, rejesho ni kama 745,000 kila mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote unakusanya 540,000. Tayari una pengo la 205,000 na hujanunua hata kitasa. Halafu wanafunzi hawalipi miezi 12, chuo kikifungwa wanarudisha funguo. Weka miezi 10: unaingiza milioni 5.4 kwa mwaka, unarejesha karibu milioni 9. Na muulize mkopeshaji riba inapigwa wapi. Ikipigwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa asilimia 17 hiyohiyo rejesho linakuwa 925,000. Watu wanaona asilimia, wanasaini.

Ustadhi wa Kirumba
Riba ni riba, iwe kwenye salio au kwenye kisado. Jenga chumba kimoja kwa jasho lako, kikilipa jenga cha pili.

Dagaa Mkavu
Ustadhi, kwa bei ya saruji ya sasa hicho chumba cha pili atakikuta mjukuu.

Fundi Mawe
Mimi swali la miaka silijibu, naongelea boma. Maboma mengi ya huku Mwanza yana ugonjwa mmoja: nusu ya msingi imekaa juu ya mwamba, nusu imekaa kwenye kifusi kilichojazwa kusawazisha mteremko. Kifusi kinashuka, mwamba haushuki, ukuta unapasuka palepale vinapokutana. Usiangalie nyufa ndogo za juu ya madirisha. Tafuta ufa unaoanzia chini kwenye msingi na kupanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali. Ufa huo ukipitisha sarafu, liache boma.

Kisha chukua msumari, kwaruza tofali za mistari miwili ya juu, maana ndizo zimepigwa na mvua miaka yote. Zikitoa unga kama mchanga mkavu, utazishusha kabla ya kumwaga lenta. Lenta yenyewe nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, zege moja kwa mbili kwa nne.

Vyoo sita maana yake shimo la maji taka la maana. Umechimba shimo la majaribio? Karibu na ziwa unaweza kukuta maji kabla ya mita mbili, shimo linajaa kutokea chini. Ukipanda juu kidogo unakutana na jiwe, na kupasua jiwe ni bajeti nyingine. Ukitoa 24 kwenye 30 zinabaki 6. Kwa vyumba sita vyenye vyoo utaishia kwenye bati.

Karani Mstaafu
Mleta uzi, maswali matatu. Kiwanja kimepimwa, kina namba na kitalu? Kutoka ukingo wa maji ni mita ngapi? Dhamana ya huo mkopo ni nini?

Spea Igoma
Nashukuru wakuu. Boma ni zima, fundi wangu kalipitia. Hakijapimwa, ila muuzaji ana karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa na majirani wote wanamjua. Ziwani ni kama hatua hamsini. Dhamana ipo, hilo lisiwasumbue. Na siwezi kurudi nyuma kirahisi, arbuni ya milioni 3 nimeshatoa.

Mama Kiseke
Kumbe ulikuja kuomba ushauri umeshajifunga. Hiyo arbuni uliitoa kwa maandishi? Mkataba unasemaje usipomalizia?

Spea Igoma
Kwa dalali, ameandika kwenye daftari lake. Tumekubaliana siku 60.

Karani Mstaafu
Mhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba watu wameuziana mbele yake, haumpi mtu umiliki. Nenda idara ya ardhi ya Jiji uone eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji limepangiwa nini. Kingekuwa na hati, ungefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kina rehani au zuio.

Hatua hamsini za mtu mzima hazifiki mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nunua futi kamba, pima mwenyewe, usipimiwe na dalali. Na swali la tatu hujajibu.

Spea Igoma
Sawa. Dhamana ni hati ya nyumba ya Mabatini. Ni ya mzee, alishatangulia mbele za haki. Mama anaishi mle na kuna wapangaji wawili. Mimi ndiye mkubwa na hati ninayo mimi. Wadogo zangu watatu hawajaambiwa bado, nataka wakute kitu kimesimama. Jamani, faida ni ya familia nzima! Tukisubiri kikao cha ukoo boma litachukuliwa na mwingine.

Ng'wana Igogo
Hapa chai imezidi tangawizi. Benki gani inaweka rehani hati ya marehemu bila msimamizi wa mirathi? Afisa mikopo akiona jina la kwenye hati na la kwenye kitambulisho hayalingani, faili linafungwa. Huyu katunga.

Dagaa Mkavu
Mimi nilishtuka pale pa "upepo wa ziwa saa zote". Hili ni tangazo la dalali, limevaa koti la ushauri.

Mvuvi wa Mjini
Kama ni tangazo, milioni 24 inapungua? Nipo siriazi.

Spea Igoma
Mimi si dalali na sijatunga. Sikusema ni benki, nyie ndio mmesema benki. Ni taasisi ya mikopo hapa mjini. Wao wanataka hati halisi, barua ya serikali ya mtaa na picha za duka. Riba asilimia 3.5, wala si hiyo 17 mnayonitisha nayo.

Hesabu Kali
3.5 kwa MWEZI, mkuu. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho Benki Kuu inawaruhusu wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Milioni 30 kwa miezi 36, hata ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 1,478,000. Unarejesha zaidi ya milioni 53. Na miezi ya mwanzo boma halina bati, kwa hiyo zote zinatoka kwenye spea. Ukilipa adhabu ya kuchelewa mara mbili tatu, mtaji wa duka umekwisha.

Ng'wana Igogo
Haya, naondoa chai. Ila sasa naogopa zaidi.

Karani Mstaafu
Dhamana iliyowekwa na asiye na mamlaka haisimami kisheria. Huyo mkopeshaji akigundua atakubana wewe na duka, na mama atapigiwa hodi na madalali wa mnada hata kama mwisho wa kesi mtashinda.

Njia yenyewe si ndefu kama unavyodhani. Kikao cha familia na muhtasari wenye sahihi za wote, akiwemo mama. Na cheti cha kifo mkononi, mnaenda Mahakama ya Mwanzo kujaza fomu namba moja ya mirathi, tangazo linabandikwa, asipotokea mpingaji mnapata msimamizi. Ndani ya miezi minne anapeleka orodha ya mali kwa fomu namba tano, na hesabu za mgao kwa fomu namba sita. Jina lake linaingizwa kwenye hati ofisi ya ardhi. Hapo ndipo benki itakusikiliza, na hata hapo msimamizi hakopi kwa ajili yake mwenyewe bila ridhaa ya warithi.

Mama Kiseke
Na hiyo milioni 3, mfuate muuzaji, siyo dalali. Muulize alipokea ngapi. Mwandikiane mbele ya mashahidi kwamba inarudi kiwanja kikionekana kimo ndani ya mita 60. Akikataa kuandika, umeshapata jibu kwa milioni 3 badala ya 24. Duka linazunguka? Jiunge na SACCOS, weka akiba, utafute kiwanja kilichopimwa cha kulipa kwa awamu upande wa Buswelu au Usagara, uanze na vyumba viwili.

Mvuvi wa Mjini
Nipeni namba ya dalali basi.

Spea Igoma
Nimewasoma wote. Nitaongea na mama Jumapili. Fundi Mawe, lakini kwa pale ziwani, bati geji 30 au 28?

Fundi Mawe
28. Geji 30 upepo wa ziwa unainyanyua. Papi, zile mbao za kupigilia bati, ziwe za 2x2 kila sentimita 90, msumari upige kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde, la sivyo litavuja. Kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zifungwe kwenye lenta kwa nondo, na mbao ziwe zimepigwa dawa.