The Cardinal (1963): niwaonyeshe vijana filamu yote, au niruke kipande cha Mona?

MamaKatekista
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ni katekista. Jumamosi jioni huwa natazama filamu na vijana wa parokia ukumbini, kisha tunajadili. Safari hii nimechagua The Cardinal ya Otto Preminger. Kundini yupo kijana anayetaka kwenda seminari, na kusema kweli ndiye niliyemfikiria. Filamu nyingi za mapadre humfanya padre malaika au shetani. Huyu Stephen Fermoyle wa Boston ni mtu: ana akili, ana tamaa ya kupanda cheo, tena ana moyo mgumu pale sheria ya Kanisa inapomkingama.

Shida yangu ni dada yake, Mona. Amempenda Benny, Myahudi. Anaingia kwenye kiti cha kitubio, na anayemsikiliza upande wa pili ni kaka yake mwenyewe. Anataka faraja ya ndugu, anapewa jibu la padre: achana naye. Mona anakimbia, maisha yanamharibikia, mwishowe anapatikana ana mimba na uchungu umemshika vibaya. Daktari anamwambia Stephen kwamba ili mama apone lazima kichwa cha mtoto kivunjwe. Stephen anakataa. Mona anakufa, mtoto wa kike anabaki.

Mzee mmoja wa baraza la walei kaniambia nikiruke, eti vijana watalichukia Kanisa. Tena filamu yenyewe ni karibu saa tatu. Mngefanyaje?

MkungaMstaafu
Milele amina. Mwanangu, usikiruke, ila usiwaache watoto wa kike waende nacho nyumbani bila maelezo.

Hali ile tunaiita uzazi pingamizi: kichwa hakipiti kwenye nyonga. Mama anasukuma mpaka midomo inakauka, tumbo linakuwa gumu kama ubao, na ukimpima unakuta njia imefunguka lakini mtoto yuko palepale. Zamani walikuwa na vyombo vya kuvunja fuvu. Kanisa lilikwisha kutamka mwaka 1884, kupitia Ofisi Takatifu kule Roma, idara inayosimamia mafundisho ya imani, kwamba si salama kufundisha kuwa tendo hilo ni halali. Kwa hiyo Stephen hakulitunga neno lake pale mlangoni, alilisoma seminari. Upasuaji ulikuwepo, lakini kumpasua mama aliyekaa na uchungu muda mrefu kabla penisilini haijapatikana ilikuwa hatari kubwa. Wengi walikufa kwa maambukizi.

Waambie waziwazi kwamba leo mama wa namna hiyo akipelekwa hospitali mapema hupasuliwa, na mara nyingi hupona wote wawili. Wasichana wajue kuchelewa nyumbani ndiko kunakoua. Hilo ni fundisho kubwa kuliko ubishi wa nani alikuwa na haki.

SinemaZaKale_Tanga
Dada, ukimtoa Mona umeiua filamu. Kifo chake ndicho kinachomfanya Stephen aombe likizo ya upadre na kwenda Vienna, Austria, avue kanzu, afundishe, nusura aoe. Mtazamaji asiyeona kile kitanda hataelewa kwa nini padre mwenye nyota namna ile anatembea na Annemarie, msichana wa huko, kama mtu aliyepotea njia. Na akirudi kwenye wito, harudi yule wa mwanzo.

Mimi hasa nakuomba usiharakishe Vienna ya 1938, Stephen anaporudi huko mara ya pili. Preminger alikuwa Myahudi aliyekulia na kuanza kazi ya tamthilia mji ule ule, akaondoka kwenda Marekani mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye Hitler akaingia. Kwa hiyo picha zile amezipiga mtu anayezijua zile barabara, na kwangu ndipo filamu inapopata joto.

Kardinali Innitzer, askofu mkuu wa Vienna, anayechezwa na Josef Meinrad, alikuwepo kweli. Machi 1938 maaskofu wa Austria walitoa tamko la kuunga mkono muungano na Ujerumani, naye kwenye barua iliyoambatana nalo akaongeza kwa mkono wake maneno "Heil Hitler". Papa Pius XI akamwita Roma, na huko Innitzer akasaini tamko jingine la kurekebisha lile la kwanza. Tarehe 7 Oktoba mwaka huohuo aliwahubiria maelfu ya vijana katika kanisa kuu la Stephansdom kwamba kiongozi wao ni Kristo. Kesho yake vijana wa Hitler wakavamia makao yake, wakavunja na kuharibu. Hapo ndipo pa kumuuliza huyo kijana wako wa seminari: kuna utii uliomgharimu Stephen dada yake, na kuna ulaini uliomfanya Innitzer apige magoti mahali pasipostahili. Yupi alikosea zaidi? Mwache ajibu mwenyewe.

Kuhusu uigizaji, Tom Tryon anakaa mkavu mno, uso haubadiliki hata pale anapopaswa kuvunjika. John Huston ndiye anayeibeba. Kardinali Glennon wake, mkubwa wa Stephen kule Boston, anafoka na kutisha, lakini mtazame anapofika kwenye kitanda cha Padre Halley, rafiki yake wa seminari anayekufa katika parokia maskini. Uteuzi wa Oscar alistahili kabisa.

KageraKwetu
Naongeza dogo. Msipite haraka kwa Padre Gillis, padre mweusi wa Georgia anayechezwa na Ossie Davis. Anakwenda Vatikano kuomba msaada, anakutana na adabu nyingi na ahadi chache. Stephen akienda Georgia mwenyewe, watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wanamkamata usiku na kumchapa mijeledi. Filamu ilitoka mwaka uleule wa maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi. Na Kanisa lilikwisha kuwa na kardinali Mwafrika, Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyeteuliwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960. Vijana wajue kwamba filamu ilipoingia kumbini, mtu wetu alikuwa tayari miongoni mwa wavaa kofia nyekundu.

MamaKatekista
Asanteni sana. Bibi Mkunga, shikamoo. Hilo la kuchelewa nyumbani nitalisema kabla ya taa kuzimwa, na nitamwomba muuguzi wa zahanati yetu awepo ajibu maswali. Nimeamua: Jumamosi ya kwanza mpaka kifo cha Mona, nzima, bila kuruka, halafu tunakaa na kuzungumza hata ikifika usiku. Ya pili Georgia na Vienna. Maandishi ya tafsiri ya Kiswahili chini ya picha sina, itabidi niwe nasimamisha na kueleza. Yule mzee wa baraza nimemwalika. Kasema atakuja na atakaa mbele.