Sakafu ya nyumba ya kupangisha: vigae au vinaili?

Mwenye funguo: Habari zenu wakuu. Nina nyumba ya vyumba viwili, naipangisha. Mpangaji kahama juzi, nimekuta lamineti ya sebuleni imevimba pale mlango wa jikoni kama kitabu kilicholowa. Ukikanyaga inabonyea. Simlaumu, ni maji ya deki tu. Ile ndani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, zikishanyonya maji hazirudi zilivyokuwa. Sasa fundi ananiambia vigae, shemeji anang'ang'ania vinaili ya vipande, ile plastiki ya sakafu. Nyinyi wazoefu mmeweka nini?

Bi Mkubwa: Vigae, mwanangu, tena vya poselini, vinakunywa maji kidogo mno. Vikiwa vyenye tabaka la kioo juu, soma alama ya PEI kwenye boksi, ile ya uimara wa uso dhidi ya kuchakaa. Mimi sishuki chini ya 4. Ila kigae kizuri kwa fundi mvivu ni hasara. Wa kwangu alibandika gundi madonge manne kwenye pembe na moja katikati, basi. Mpangaji kaangusha mtungi wa gesi, vigae viwili vikapasuka. Nikapitisha mpini wa bisibisi sakafu nzima nikigonga: ko, ko, ko, halafu *bwa*. Nusu ya sebule ilikuwa na uwazi chini! Gundi isambazwe kwa mwiko wenye meno, ienee kote. Na nunua boksi moja la akiba, namba ya toleo ileile, maana rangi hutofautiana. Grauti nyeupe, ile ya kujazia mianya kati ya vigae, usithubutu.

Jirani wa juu: Vinaili si mbaya, shemeji yako yuko sawa nusu. Wauzaji wanasifia unene wa kipande, wewe uliza tabaka la juu la kinga: milimita 0.5, si 0.3. Lakini kwanza bandika karatasi ya nailoni sakafuni, kingo zote uzizibe kwa gundi ya utepe, uache siku nzima. Ukikuta jasho chini yake, zege linatoa unyevu. Gundi ya vinaili itaachia.

Mwenye funguo: Nimefanya hivyo tangu jana. Leo asubuhi nailoni ina matone kama kifuniko cha sufuria. Shemeji nimemtumia picha, kanyamaza. Bafuni je, vigae hivyohivyo?

Bi Mkubwa: Hapana! Bafuni vya uso usiong'aa, wenye mparuzo. Vinavyong'aa vitakuvunjia mtu kiuno.

Mwenye funguo: Sawa mama. Fundi anakuja kesho, nitaanza kwa kuukagua mwiko wake.