Kisukari: pesa ziende kwenye tiba ya kuponya, au kwenye insulini na stripu za kupimia sukari?

Wakuu, heshima kwenu. Juni 2025 kampuni ya Vertex ya Marekani ilitoa matokeo: wagonjwa 12 wa kisukari aina ya kwanza (ile ambayo mwili hautengenezi insulini, hivyo mtu hawezi kuishi bila kudungwa) walipandikizwa seli za maabara zinazotengeneza insulini, na baada ya mwaka 10 kati yao walikuwa wameachana na sindano. Tangu hapo makundi ya WhatsApp yanashangilia kwamba dawa imepatikana.

Nami nimefurahi. Ila wale 12 wanameza dawa za kushusha kinga ili mwili usizikatae hizo seli, kwa hiyo kila homa kwao ni hofu. Mtaani kwetu kuna binti wa darasa la sita. Nyumbani hawana friji. Chupa yake ya insulini inakaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Sukari anapimwa siku ya kliniki tu, siku nyingine mama yake anakisia dozi. Insulini ilianza kudungwa kwa binadamu Toronto, Januari 1922, na wagunduzi wakauza hataza (haki ya kumiliki ugunduzi) kwa dola moja moja ili iwafikie watu wote. Karne imepita, bado tunakisia! Serikali zetu na wafadhili waanzie hapo.

JIBU: Mkuu, nakupinga. Nadunga mara nne kwa siku, najua ninachosema. Mwaka 1921 wangesema hivyo, hiyo insulini unayoitetea ingetoka wapi? Leo kuna dawa ya teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022. Inachelewesha aina ya kwanza kwa takribani miaka miwili. Mama yeyote mwenye mtoto wa sindano muulize miaka miwili ina thamani gani.

JIBU: Aina ya pili mmeisahau, ile ambayo insulini ipo mwilini lakini haifanyi kazi vizuri, na ndiyo yetu wengi. Utafiti wa DiRECT, Uingereza 2017: karibu nusu ya waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali, chini ya uangalizi wa kliniki, sukari ilirudi chini bila dawa. Kisha anakuja muuza mizizi na tangazo lake la "kupona kabisa", anamwachisha insulini mtoto wa aina ya kwanza. Siku chache tu, msiba.

JIBU (mleta mada): Dada wa teplizumab, pole na sindano. Sijasema utafiti ufungwe. Lakini dawa hiyo hupewa mtu kabla hajaanza kuugua, akishapimwa damu na kuonekana yuko njiani. Huku watoto wengi wanagunduliwa wakiwa tayari mahututi, wengine wameshatibiwa malaria kwanza. Hicho kipimo cha mapema atakilipia nani?