Kisu cha inchi tatu: je, muuzaji alazimishwe kusema ukweli kabla hajakuuzia?

Wadau, salaam. Naleta mada hii hasa kwa tulioko Uingereza, upande wa England na Wales, na kwa wanaojiandaa kuja. Habari zinazozunguka kwenye magrupu yetu kuhusu visu vya mfukoni zimejaa makosa, tena ya kumfikisha mtu kizimbani. Nitasema ninachoamini, kisha uwanja ni wenu.

Wapo wanaosema kisu chochote ni marufuku, hata kile kidogo cha kumenyea chungwa. Wapo wengine, na hawa ndio wengi, wanaosema: "Chini ya inchi tatu ni halali, wewe beba tu." Pande zote mbili zimepotoka, na hao wa pili ndio wanaonitia hofu, kwa sababu wana nusu ya ukweli na wanaisema kwa kujiamini.

Sheria yenyewe ni Criminal Justice Act ya mwaka 1988, kifungu cha 139. Inasema ni kosa kuwa na kitu chenye bapa au ncha kali mahali pa hadhara. Imeacha nafasi kwa kitu kimoja: kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Ukiwa nacho hudaiwi sababu yoyote, mradi hukukusudia kumdhuru mtu nacho. Kwa hiyo mzee wetu anayetembea na kile kisu kidogo chekundu cha Uswisi, akakitoa bustanini amenye embe lake, hajavunja sheria. Wanaomtisha wanamwonea bure.

Tatizo linaanzia kwenye loki, yaani kile kizuio kinacholishika bapa lisijikunje ukishalifungua. Katika kesi ya Harris, iliyoripotiwa mwaka 1993, majaji wa Mahakama Kuu waliulizwa kama kisu cha kukunja chenye loki, kifupi kuliko inchi tatu, kinaingia kwenye msamaha ule. Wakasema hapana. Kisu kinachosamehewa lazima kiweze kukunjwa wakati wowote, papo hapo, kwa kukikunja tu. Kikidai ubonyeze kitufe au usukume kibati kwanza ndipo kijifunge, si cha aina hiyo tena. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ikashikilia msimamo huohuo katika kesi ya Deegan. Matokeo yake ni kwamba kisu chenye loki, hata makali yake yakiwa ya inchi mbili, mtaani kinahesabiwa sawa na kisu cha jikoni.

Kipime chako leo ukiwa nyumbani. Kifungue mpaka mwisho. Shika mpini vizuri, vidole vikae mbali na mfuo ambamo bapa hulala, kisha weka kiganja cha mkono wa pili kwenye mgongo wa bapa, upande usio na makali, usukume taratibu. Kikikubali kukunjika kwa kusukumwa tu, hakina loki. Kikigoma, angalia ndani ya mpini: utaona kibati chembamba kimejisogeza nyuma ya bapa, au kitufe karibu na bawaba. Hiyo ndiyo loki. Zile koleo za vifaa vingi, Leatherman na jamaa zake, nyingi zina loki, na wenye nazo hawajui kabisa kwamba hapo ndipo ilipo tofauti.

Sasa tazameni kinachoniuma. Loki imewekwa ili kulinda vidole. Fundi anayekata zulia au kamba nene akibonyea kwa nguvu, kisu kisicho na loki kinaweza kumfungia vidole. Kwa hiyo mtu mwangalifu, tena mgeni aliyekuja kufanya kazi, ndiye anayechagua chenye loki. Anaingia duka la vifaa vya kambi, anaonyesha kitambulisho kwamba ametimiza miaka 18, analipa, anapewa risiti. Kila kitu kihalali. Hakuna aliyemwambia neno. Anapokipeleka nyumbani kutoka dukani ana sababu. Jumamosi inayofuata akiwa nacho mfukoni sokoni, hana.

Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 4. Na mtu mzima akitiwa hatiani mara ya pili kwa kosa la namna hiyo, tangu mwaka 2015 sheria imeweka kiwango cha chini cha miezi 6, isipokuwa pawe na mazingira ya kipekee. Rekodi ya jinai peke yake inatosha kumvuruga mtu anayesubiri kibali cha kuishi.

"Lakini nina sababu," wengi wanasema. Sababu ya msingi ipo kisheria, ila mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuithibitisha. Sheria imetaja kazi, dini na vazi la taifa. Singasinga na kirpan yake, kile kisu cha dini, yumo. Mskoti na kisu chake kwenye soksi yumo. Bwana harusi wetu wa Kizanzibari au Kiomani aliyevaa jambia kiunoni ana utetezi wa vazi. Jambia hilohilo likibaki chini ya kiti cha gari wiki nzima baada ya harusi, utetezi huo umekwisha. Na gari likiwa barabarani, hamjajificha humo, mpo hadharani.

Kusahau hakumwokoi mtu. Fikirieni kijana wa ghalani. Ijumaa usiku amemaliza zamu, kile kisu cha kukatia maboksi kimebaki kwenye mfuko wa ndani wa koti, chini ya glavu. Jumapili anavaa koti lilelile kwenda kanisani. Kisu kile hakikunji, bapa lake husukumwa nje kwa kidole gumba, kwa hiyo kutwa nzima ya Ijumaa alikuwa nacho kwa sababu ya kazi, na Jumapili hana sababu. Mahakama zimeshasema kusahau peke yake si sababu ya msingi. Mambo mengine yakiongezwa juu yake yanaweza kumsaidia, ila hayo atayaeleza akiwa tayari ameshikwa.

Na yule anayesema "nabeba kwa ajili ya kujilinda, mtaa wetu mbaya," tafadhali mwambieni anyamaze kabla hajalisema mbele ya polisi. Kwa sentensi hiyo amekigeuza hata kisu kama kile cha mzee wa embe kuwa silaha, maana Prevention of Crime Act ya mwaka 1953 inaangalia ulikusudia nini.

Hoja yangu ni hii. Siombi sheria ilegezwe. Nataka muuzaji wa kisu chenye loki alazimishwe kisheria kukiandika kwenye pakiti na kukisema pale unapolipa, iwe dukani au mtandaoni: kisu hiki kina loki, ni kosa kukibeba hadharani bila sababu ya msingi. Pakiti ya sigara ina onyo. Kitu kinachoweza kumpeleka mtu jela kwa kukaa mfukoni tu hakina hata mstari mmoja. Karibuni.

Fundi zulia, Leicester

Mleta mada, asante, lakini umeishia njiani. Kama loki ni usalama, basi waondoe ubaguzi huo wa loki kabisa. Mimi natandika mazulia mwaka wa kumi na kitu sasa. Nimesimamishwa na polisi, wakafungua gari, wakakuta visu vya kila aina. Nikawaonyesha kifaa cha kusukumia zulia kwa goti, roli za gundi, karatasi ya kazi yenye anwani ya mteja. Waliniachia kwa heshima. Lakini ingekuwa jioni, nimepita kununua maziwa, sijashusha vifaa, ningejibu nini? Mhalifu hasomi sheria ya loki. Anachukua kisu cha jikoni cha mama yake. Hii sheria inamkamata mwenye zana, si mwenye nia. Onyo kwenye pakiti halitanisaidia mimi, maana tayari najua. Nataka haki ya kubeba zana yangu.

Mama wa vijana wawili, London Kusini

Kaka fundi, samahani, nitasema wazi. Kijana aliyekuwa anacheza mpira na mwanangu alichomwa kisu, na tulimzika. Sijali kilikuwa na loki au hakina. Kwa hiyo mkianza kuzungumza kuhusu haki ya kubeba, damu yangu inapanda.

Nina hofu hata na hilo onyo la mleta mada. Ukimwandikia mtoto wa miaka 16 kwamba chenye loki ni kosa, umemfundisha pia kwamba kisicho na loki ni ruhusa. Atakibeba. Mwalimu mkuu ana mamlaka kisheria kumpekua mwanafunzi anayeshuku ana kisu bila kuomba ridhaa yake, na mimi nashukuru. Nyumbani kwangu jibu ni moja: kisu kinakaa jikoni. Hao mnaowaita wamepotoka kwa kusema kila kisu ni marufuku, mimi ni mmoja wao, na sitabadilika.

Mwanafunzi wa sheria, Birmingham

Naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza, msidhani nyumbani ni salama kwa kila kisu. Vile vya springi vinavyofyatuka kwa kitufe kuuzwa kwake kulikatazwa tangu mwaka 1959, na kupitia sheria ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika kwa jambo hili Julai 2021, hata kuwa nacho kabatini ni kosa. Visu na mapanga ya ule mtindo wa zombi, yaani yaliyoundwa kwa sura ya kutisha, vikafuata Septemba 2024. Kwa hiyo mjomba aliyerithi kisu cha springi kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani asikitunze kama ukumbusho.

La pili, wengi wetu tumekuja na mantiki ya nyumbani. Kenya, kwa mfano, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamwangalia aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa. Upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuonyesha mazingira hayo. Muuza madafu wa Likoni, Mombasa, na panga lake mkononi, hana wa kumwuliza. Huku mzigo umegeuzwa: wakishathibitisha ulikuwa nacho hadharani, wewe ndiye wa kujieleza. Mtu anayesema "mimi sikuwa na nia mbaya" anajibu swali la Mombasa katika mahakama ya Birmingham.

Na kwa wanaodhani kisu butu hakihesabiwi: mwaka 2005, kesi ya Brooker, kisu cha kupakia siagi kilihesabiwa kuwa na bapa. Bisibisi, mwaka 1998, ilisemwa haimo kwenye kifungu hiki. Ukiibeba ili umchome mtu, utashughulikiwa na ile sheria ya 1953.

Kuhusu hoja ya mleta mada, naiunga mkono nusu. Kutojua sheria si utetezi, na pasiwe na mtu wa kusema "pakiti haikuniambia" ili aachiwe. Onyo liwepo, ila lisiwe mlango wa kutokea.

Msomaji, Dar es Salaam

Wakuu, mimi nakuja Septemba kusoma Glasgow. Haya yote yananihusu?

Mleta mada

Mdogo wangu wa Glasgow: Scotland ina sheria yake, ya mwaka 1995, kifungu cha 49. Kipimo cha inchi tatu na cha kukunja kipo huko pia, na adhabu ya juu ni miaka 5. Kwa mwanafunzi ushauri wangu ni mfupi, huna haja nacho, kiache nyumbani.

Mwanasheria, nakubaliana nawe. Sikusudii pakiti iwe utetezi mahakamani. Nataka mtu ajue kabla ya kulipa.

Fundi, naelewa uchungu wako, lakini ulichokieleza ndicho sheria inachokitaka: vifaa, karatasi ya kazi, anwani. Ukiomba loki iruhusiwe kwa wote, umeiruhusu pia kwa yule ambaye hana zulia wala gari. Shusha vifaa kabla ya kwenda kununua maziwa. Najua inachosha baada ya kutwa nzima kwenye magoti. Kama huwezi kushusha, vifungie kwenye sanduku nyuma, mbali na mkono wako, na karatasi ya kazi iwe humo humo. Hiyo haikuhakikishii chochote, lakini unapoulizwa, maneno yako yana kitu cha kuyashika.

Mama, pole sana kwa msiba huo. Hapa kwako ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hoja yako ndiyo nzito kuliko zote. Unasema onyo litamfundisha mtoto kipi abebe. Mimi naona tayari amefundishwa, na waliomfundisha ni wenzake. Wanamwambia chini ya inchi tatu hakuna shida, naye anaamini kwa sababu hajasikia kinyume chake kutoka kwa mtu mzima anayejua. Ukimwambia kila kisu ni marufuku, siku atakapogundua kwamba cha mzee wa embe si marufuku, atafikiri ulimdanganya na kwa mengine. Amri yako ya nyumbani ibaki palepale, na ni nzuri kuliko sheria. Mwambie tu kwamba ni amri ya mama, kisha mwambie na sheria ilivyo, pamoja na loki, pamoja na ile miezi 6.

Kwa onyo lenyewe niko tayari kusogea: lisitaje kisicho na loki hata kidogo. Liseme kile kilichomo ndani ya pakiti, liishie hapo. Ukikubali hilo, mama, tuandike pamoja rasimu ya barua kwa wabunge wa maeneo yetu, na fundi atusaidie kueleza loki inafanyaje kazi, maana wengi wa watakaoisoma hawajawahi kushika kisu cha kazi.