Mtoto wa miaka 8 anakojoa kitandani: kengele, vidonge, au niongezee dawa za Kichina?

MamaNuru_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu yuko darasa la tatu na hajawahi kuamka mkavu wiki nzima. Daktari wa watoto alimpima mkojo na sukari, yote salama. Akanieleza njia mbili: kengele ya kitandani au vidonge vya desmopressin. Tulianza vidonge, huu mwezi wa pili, na bado analowesha siku tatu au nne kwa wiki. Shoga yangu kanipeleka kliniki moja ya dawa za Kichina Kariakoo. Wanasema wana dawa ya kuchemsha ya kuongezea juu ya vidonge, nisiviache. Kuna aliyejaribu? Kinachoniuma ni safari ya shule ya Bagamoyo, ya kulala hukohuko. Alikataa kwenda na hakutaka kusema sababu.

BabaWatatu_Mbagala
Pole sana dada. Mimi nilikojoa mpaka nina miaka 11, na godoro langu likianikwa uani watoto wa mtaa wananiimbia. Usiruhusu hilo kwako. Jambo hili linarithiwa: mzazi mmoja akiwa alikojoa, mtoto ana uwezekano wa kama asilimia 44, wakiwa wote wawili, 77.

Kwa wangu tulitumia kengele. Kitambuzi kinabanwa kwenye chupi, tone la kwanza tu inalia. Wiki za mwanzo tuliamka nyumba nzima isipokuwa yeye, maana usingizi wao ni mzito kweli. Kazi ni ya mzazi: mwamshe, mpeleke chooni, hata kama anayumba. Wiki ya tano akaanza kuamka mwenyewe, ya kumi akawa mkavu. Inachosha, lakini matokeo yake hudumu kuliko ya vidonge. Ukiacha vidonge, wengi hurudi palepale.

Mfamasia_Ilala
Kabla hujaongeza chochote, mama, hebu soma hapa. Desmopressin inafanya kazi ya homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo usiku. Ndiyo maana mtoto hatakiwi kunywa zaidi ya mafunda machache kuanzia muda wa saa moja kabla ya kumeza kidonge hadi masaa manane baada yake. Maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka na anaweza kupata degedege. Sasa dawa ya kuchemsha inanyweka kikombe kizima. Ukimpa usiku pamoja na kidonge umejitafutia hatari, hata kama mizizi yenyewe haina ubaya.

Pili, uliza majina ya vilivyomo. Mchanganyiko wa zamani wa kukojoa kitandani ni Suo Quan Wan: yi zhi ren, tunda la mmea wa jamii ya tangawizi, mzizi wa wu yao, na shan yao, ambacho ni ndugu wa kiazi kikuu chetu. Wengine huongeza kifuko cha mayai ya vunjajungu. Kuna tafiti za China zilizoona dawa hizi zikiongezwa kwenye tiba ya hospitali siku za kulowesha hupungua zaidi, lakini nyingi ni ndogo na hazikupangwa vizuri. Mimi sitegemei hapo.

Kinachonitisha ni unga usio na jina. Ma huang, mmea mmojawapo wa dawa za Kichina, hupandisha mapigo ya moyo. Na miaka ya 1990 Ubelgiji, wanawake waliotumia dawa za kupunguza uzito zenye mimea ya Kichina iliyochanganywa kimakosa waliharibikiwa figo. Wapo waliougua saratani baadaye. Pia wahudumu wa tiba asili na tiba mbadala wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002. Omba kuona cheti.

BiZuhura_Magomeni
Mwanangu, mjukuu wangu alipewa dawa za Kichina miezi miwili na akapata nafuu. Ila siwezi kusema ni zenyewe, kwa sababu wakati uleule daktari aligundua ana choo kigumu. Utumbo uliojaa unabana kibofu. Tukampa mapapai, maji mengi mchana na dawa ya kulainisha choo. Wako anapata choo kila siku? Muulize, watoto hawasemi.

MamaNuru_Tabata
Asanteni mno. Bi Zuhura, shikamoo. Nimemuuliza: anakwenda mara mbili kwa wiki, na shuleni hujizuia kwa sababu vyoo havina mlango. Sikuwa najua. Leo nilirudi Kariakoo kuuliza majina, nikapewa pakiti isiyo na maandishi. Nimeiacha hapohapo mezani. Jumatatu tunarudi kwa daktari kwa habari ya choo na kengele. Nimemweleza mtoto inavyofanya kazi, akaniuliza kama majirani wataisikia. Nimemwambia madirisha ya chumba chake nitayafunga mwenyewe kila usiku.