Iringa tunapigwa mchana kweupe: elfu kumi kuangalia moyo wa maua ya plastiki

Kamwene wanajamvi.

Kuna watu wamejenga ngazi kwenye mwamba nje kidogo ya mji wetu, wakafunga bembea mbili, wakasimamisha fremu ya moyo yenye maua ya plastiki, basi, kishakuwa kivutio cha utalii. Kiingilio elfu kumi kwa kichwa. Na ni kichwa kweli: shemeji yangu kaja kutoka Dar na kichanga, kiko mgongoni kwenye mbeleko kimelala fofofo, nacho kikatozwa nusu! Nikamuuliza kijana wa getini, huyu ataona nini? "Bosi ndo kasema, braza, mimi natekeleza tu."

Ukishaingia ndo unajua hujaingia. Bembea elfu tano. Kusimama kwenye moyo elfu tatu. Ukionekana na kamera ya maana, hiyo ni "shooting", bei nyingine kabisa. Maji mliyokuja nayo yanabaki getini ili mkanunue soda yao ya elfu tatu. Dai risiti uone: mashine haina mtandao, unachaniwa kikaratasi cha kijitabu kisicho na jina wala muhuri. Na mandhari yenyewe ni mabati ya mji na Ruaha Mdogo kwa mbali, kitu ambacho mtoto wa Iringa anakiona bure akipanda jiwe lolote.

Sasa toka hapo, shika barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kilometa kama 15 uko Kalenga. Kuna makumbusho pale yenye fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Fuvu lililotajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, likarudi nyumbani 1954, miaka 56 baada ya mwenyewe kufa. Kiingilio cha Mtanzania hakifikii ile elfu kumi ya getini. Isimila nako, upande wa barabara ya Mbeya, kuna mashoka ya mawe ya watu walioishi zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, na zile nguzo zilizochongwa na mmomonyoko ambazo hakuna fundi wa bembea atakayeziweza.

Kinachonichoma zaidi ni mabasi ya shule. Niliyakuta yamepanga foleni kwenye bembea, wazazi wamechangishwa "ziara ya mafunzo". Mafunzo gani? Mwalimu unapitaje na watoto wa darasa la saba wanaosoma vita vya Mkwawa na Wajerumani pale Lugalo 1891 kwenye kitabu, unakwenda kuwapiga picha kwenye maua ya plastiki?

London, jiji ghali vile, makumbusho yao makubwa, British Museum, yaliyofunguliwa 1759, hayana kiingilio, ukiacha maonyesho maalumu. Anayetaka kupigwa anakwenda kupiga picha na masanamu ya nta Madame Tussauds. Ila angalau bei anaijua kabla hajatoka nyumbani.

Najua watakuja wa "biashara huria, nani kakulazimisha". Sawa mkuu, hajanilazimisha mtu. Bandika basi bei zote getini, ya bembea, ya moyo, ya kamera, ya kichanga, mtu achague akiwa bado nje na hela yake mfukoni.

Na kama kuna aliyewahi kupewa risiti ya mashine pale, aitupie hapa tuione.